KIKITOKA MKONONI MWAKO KINAKWENDA KWA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, nawashukuru walimu wa madrasa yetu kwa kuniomba niandike machache katika jarida letu. Nimepewa uhuru wa kuchagua mada. Ningeweza kuandika juu ya swala au funga, lakini hayo mnasomeshwa kila siku na walimu walionizidi elimu. Mimi ni mzazi tu, mzaliwa wa Muleba na mkazi wa Bukoba mjini. Kwa hiyo nitaandika juu ya mambo ninayoyaona kila siku nikitoka mlangoni kwangu, nayo ni taka, chakula cha hotelini, mpira, na wanyama wanaozunguka nyumba zetu.

Huenda msomaji akauliza, mambo manne haya yana uhusiano gani? Kwangu mimi yameunganishwa na swali moja tu: kitu kikitoka mkononi mwangu, kinakwenda kwa nani? Ganda la ndizi, chupa ya maji, wali uliobaki, shilingi mia tano, jiwe. Kila kimoja kikishatoka mkononi kinamfikia mtu au kiumbe mwingine, awe tunamwona au hatumwoni. Na sisi tunaamini kuwa hakuna jambo dogo lisiloandikwa, hata likiwa na uzito wa chembe.

KIBANJA HAKINA JALALA

Mwaka mmoja, wakati wa likizo ya Desemba, niliwapeleka watoto wangu kwa mama yangu Kamachumu. Ukitoka Bukoba unaelekea kusini, unapita Kemondo, unafika Muhutwe, kisha unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, alikuwa amezaliwa na kukulia mjini. Baada ya kula ndizi mbivu alisimama uwanjani akiwa ameshika maganda, akatazama huku na huku, halafu akauliza:

"Bibi, pipa la taka liko wapi?"

"Taka gani, mjukuu wangu?"

"Haya maganda."

"Hayo siyo taka. Hicho ni chakula cha mbuzi. Mpelekee."

Akampelekea. Akarudi na maswali mengine. Samadi ya mbuzi je? Inakwenda kwenye mashina ya migomba. Majivu ya jikoni je? Nayo shambani. Jani la mgomba lililofunikia chakula jikoni je? Litamwagwa chini ya migomba lioze. Mgomba uliokatwa mkungu je? Shina lake linapasuliwa na kulazwa pale pale, likinge udongo usikauke. Mwisho mtoto akatoa mfukoni karatasi ya nailoni ya biskuti tulizonunua njiani. "Na hili je, Bibi?"

Mama aliipokea, akaigeuza upande huu na upande huu, akamrudishia. "Hili limekuja na ninyi. Mtaondoka nalo."

Watoto walicheka, lakini mimi nilibaki nikilitafakari jibu lile. Wazee wetu wa Buhaya walilima vibanja kwa vizazi vingi katika ardhi ambayo mvua yake kubwa huuosha udongo na kuupunguzia rutuba. Waliwezaje? Walirudisha. Migomba, mibuni, maharage na miti ya kivuli vilikaa pamoja karibu na nyumba, na kila kilichotoka kibanjani kilirudi kibanjani. Tena waliongeza nyasi walizozikata kule rweya, kwenye mbuga ya wazi, na samadi ya ng'ombe kwa aliyejaaliwa kuwa nao. Ndiyo maana ukivuka kutoka rweya kuingia kibanjani unaona udongo umebadilika rangi. Udongo ule mweusi ni kazi ya mikono ya watu. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Mwenye kibanja anatoa sadaka hata akiwa amelala.

Lakini kibanja kinarudisha na ubaya pia. Mwaka 2006 uligundulika huko huko Muleba ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zina rangi ya kahawia. Hauna dawa. Wadudu wanaotembelea ua la mgomba wanausambaza, lakini sisi wanadamu tunausambaza pia kwa panga. Unakata majani ya mgomba mgonjwa kwako, kisha jirani anakuja kuazima panga, nawe unampa kwa roho safi. Umempa panga pamoja na ugonjwa.

Ndiyo maana wataalamu wa kilimo walihimiza mambo ambayo kila kijana wa Muleba anapaswa kuyajua. Ua lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu liondolewe mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Panga lipitishwe kwenye moto au lisafishwe kwa dawa ya klorini kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mgomba mgonjwa uondolewe, na miche isichukuliwe kwenye shamba lenye ugonjwa. Hapa ndipo nilipoelewa kuwa usafi wa panga langu ni haki ya jirani yangu. Mtu anaweza kusali sunna zote na bado akamfilisi jirani kwa kuona uvivu wa kuwasha moto kidogo.

MTO KANONI NA ZIWA LETU

Sasa tushuke mjini. Bukoba ni mji wa mvua, na Mto Kanoni unapita katikati yetu kuelekea ziwani. Mvua kubwa ikinyesha mto hujaa, na wanaokaa mabondeni wanajua maana ya kuamka usiku na kukuta maji yamefika kitandani. Simama darajani siku kama hiyo utazame kinachopita. Utaona chupa za plastiki, viatu vilivyokatika, vifuniko, nepi za watoto, na vile vyombo vyeupe vyepesi vya kufungia chakula. Hakuna hata kimoja kilichoota mtoni. Kila kimoja kilitoka mkononi mwa mtu aliyesema moyoni, "Hiki kimoja tu hakina neno."

Kinakwenda kwa nani? Kwanza kinaziba mtaro, na maji yanaingia kwa mtu wa bondeni, ambaye mara nyingi si yule aliyetupa. Kisha kinafika Ziwa Victoria. Na maji tunayotumia mjini Bukoba yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo. Kwa hiyo kile ulichokitupa asubuhi ukaona kimekwenda zake, hakijaenda mbali. Kimezunguka, na wewe jioni unafungua bomba utie udhu.

Ziwa hili lina kumbukumbu ndefu ya vitu vilivyotoka mikononi mwa watu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika enzi za ukoloni, sangara aliingizwa ziwani kutoka maji mengine. Hakuwa samaki wa hapa. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea na kuwala furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, na aina nyingi zikatoweka. Ni kweli sangara ametupa ajira, viwanda na biashara ya nje, na watu wengi wa visiwani na mialoni wamesomesha watoto kwa sangara. Lakini wazee wanaokumbuka ladha ya furu wanajua pia kilichopotea. Kisha yakaja magugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na yalipelekwa nchi nyingi kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 yalikuwa yameshaingia ziwani, na mengi yakiletwa na Mto Kagera, na katika miaka ya 1990 yaliziba mialo hadi mitumbwi ikashindwa kupita. Ua moja zuri la bustani likawa msiba wa wavuvi wa nchi tatu.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Jirani zetu wa Rwanda walitangulia mwaka 2008, na Kenya mwaka 2017. Wengi tulinung'unika wakati ule, tukasema tutabebea nini nyama. Ikawaje? Tulirudi kwenye vikapu, na nyama tukaendelea kula. Hata hivyo sheria haiwezi kumfuata kila mtu mfukoni. Mkono wa mtu unaongozwa na kile kilichomo moyoni mwake, na ndiyo kazi ya madrasa. Tumefundishwa kuwa kuondoa kitu chenye kuudhi njiani ni katika imani. Basi kukiweka njiani ni katika nini?

KULA NJE

Kula hotelini zamani lilikuwa jambo la msafiri. Siku hizi ni jambo la kawaida. Baba anatoka kazini anapitia kwa mama lishe, vijana wanakutana kula chipsi na mishikaki, familia inatoka sikukuu ya Iddi kwenda ufukweni kula samaki. Sioni ubaya wowote, madamu chakula ni halali na kipato ni halali. Tena ni riziki ya wenzetu. Ndizi kwa maharage ya mama lishe zimelipa karo za watoto wengi wa mji huu.

Mgeni akija Bukoba msimu wa senene huuliza kwa mshangao kama Muislamu anaruhusiwa kuwala. Tumesomeshwa kuwa nzige ni halali bila kuchinjwa kwa mujibu wa hadithi ya Mtume (S.A.W.), na Waislamu wengi wa kwetu huwala senene kwa msingi huo. Nami nawala, alhamdulillah, wakiwa wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Hata hapo hakuna cha kutupa. Mabawa na miguu tunayonyofoa huachiwa kuku.

Tatizo ninaloliona hotelini ni jingine, nalo ni israfu. Nyumbani mtoto akibakisha wali anakaripiwa. Hotelini baba huyo huyo anaagiza sahani mbili, anaonja, anaacha nusu, anasukuma pembeni, kana kwamba kulipa kumempa ruhusa ya kutupa. Pesa ni yako, lakini mchele umelimwa kwa jasho la mtu, umesafirishwa kwa mafuta, umepikwa kwa kuni ambazo zilikuwa mti. Mtume (S.A.W.) alituelekeza tuokote hata tonge lililoanguka, tulisafishe tulile. Aliyefundishwa hivyo hawezi kuacha nusu sinia.

Nataka niwasimulie kisa cha madrasa yetu wenyewe. Mwaka fulani kamati ya wazazi ilikaa kupanga chakula cha Maulidi. Baba mmoja kijana akapendekeza kila mtoto apewe pilau yake katika chombo chepesi cha kutupa. "Zama zimebadilika," alisema. "Ni rahisi, ni safi, na hakuna kuosha." Wazee wakapinga, wakasema masinia ya msikiti yapo, na kula pamoja katika sinia moja kuna baraka. Mjadala ukawa mrefu. Ndipo mama mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akaomba kusema.

"Mimi nayapenda masinia," alisema. "Lakini nauliza, ni nani atakayeyaosha? Kila mwaka ni sisi na binti zetu. Kaswida zinaanza, sisi tuko bombani. Dua inaombwa, sisi tuko bombani. Huyu ndugu yetu anataka maboksi, na nyinyi wazee mnataka baraka. Sisi tunataka na sisi tuisikilize Maulidi."

Ukumbi mzima ulinyamaza. Na kwa hakika alikuwa amesema kweli. Mara nyingi tunasifu desturi njema za zamani bila kutazama ni mgongo wa nani uliokuwa ukizibeba. Masinia yalikuwa mazuri kwa mto na kwa ziwa, lakini mzigo wake ulikuwa ukitoka mkononi mwa wanaume na kwenda moja kwa moja kwa akina mama.

Ustadhi wetu hakuchelewa. Aliwakumbusha wajumbe kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia ahli zake kazi za nyumbani, akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Kisha akatangaza kuwa mwaka ule masinia yangeoshwa na wavulana wa darasa la juu, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kukunja mikono ya kanzu. Ikawa hivyo. Wavulana waliosha huku wakirushiana maji, na masinia mawili matatu ilibidi yarudiwe. Akina mama walikaa mbele wakaisikiliza Maulidi mpaka dua ya mwisho. Mabaki ya wali yalikusanywa kwenye ndoo kwa ajili ya kuku wa jirani, na mifupa ikatengwa. Ustadhi aliishika ile ndoo ya wali mbele ya watoto wote, akasema tu, "Mwakani nataka ndoo hii iwe tupu." Mwaka uliofuata haikuwa tupu kabisa, lakini ilikuwa nyepesi.

MPIRA NA MKEKA

Sisi tuliokulia Muleba tulicheza mpira wa majani makavu ya migomba uliokazwa kwa kamba za migomba. Ilipoingia mifuko ya rambo tukaitia ndani, na mpira ukawa unadunda kidogo. Leo vijana wana mipira ya kununua, na mjini tuna Uwanja wa Kaitaba, ambao kwa miaka mingi umekuwa nyumbani kwa timu ya Kagera Sugar. Siwezi kuwakataza vijana mpira, kwani dini yetu haikukataza michezo. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.), na alisifu nguvu ya muumini.

Ninachowauliza vijana ni hiki: nguvu hizo mkishazipata, zinakwenda kwa nani? Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 19 walifariki na 24 wakanusurika. Miongoni mwa waliofika mwanzo kabisa walikuwa wavuvi wakiwa na mitumbwi yao na makasia. Hawakuwa na vifaa vya uokoaji. Walikuwa na mikono iliyozoea kasia na miili iliyozoea maji. Ndiyo maana natamani sana kila mtoto wa madrasa hii, wa mjini na wa visiwani, afundishwe kuogelea, na afundishwe na mtu mzima anayejua, mahali salama. Tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na bado watoto wetu wengi wanaliogopa au, vibaya zaidi, wanalichezea bila kulijua.

Lakini kuna ugonjwa ulioingia katika mpira, nao ni kubeti. Sisi tukisikia neno mkeka tunafikiri mkeka wa kusalia. Kijana wa leo akisema "nimeweka mkeka" ana maana nyingine kabisa. Anamaanisha orodha ya timu alizozitabiria ushindi kwa pesa. Hii ni kamari, hata ikipewa jina la kistaarabu na kutangazwa kwa rangi nzuri, na kamari imeharamishwa kwa maneno yasiyo na utata. Tuiulize pesa swali letu lile lile. Shilingi mia tano ya nauli ya mwanafunzi ikitoka mkononi inakwenda kwa nani? Haiendi kwa mshindi wa mtaani tunayesimuliwa habari zake. Inakwenda kwa mwenye mchezo, ambaye amepiga hesabu zake vizuri ili yeye asiwe wa kupoteza. Na anayeshinda leo, alichoshinda kimetoka mfukoni mwa kijana mwenzake aliyelala na njaa. Nimewaona vijana waliokuwa wakiupenda mpira, sasa hawautazami tena kwa furaha. Wanautazama kwa hofu, kama mtu anayesubiri hukumu.

Na mechi ikiisha, tazameni uwanja wa mtaa. Timu zimeondoka, chupa zimebaki. Nahodha mzuri ni yule atakayesema, "Jamani, kabla ya Magharibi kila mmoja aokote kumi." Dakika tano zinatosha.

PAKA NA MBWA

Wanyama ndio viumbe ambao matendo yetu yanawafikia moja kwa moja, nao hawana mahali pa kushitaki. Paka hana tatizo kwetu. Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa si najisi, kwani ni katika wanaotuzunguka majumbani. Isitoshe anatulindia mahindi na maharage dhidi ya panya. Lakini huyo huyo paka akizaa, watoto wake hutiwa kwenye gunia na kwenda kutupwa sokoni au kando ya ziwa. Sote tunaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Tunaisimulia vizuri darasani, kisha tunakwenda nyumbani na gunia.

Kuhusu mbwa, kuna jambo linalonisikitisha. Baadhi ya watoto wetu wanadhani kumpiga mbwa mawe ni ucha Mungu. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Pia tumefundishwa kutomfuga bila haja. Lakini wa kuwindia, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba ametajwa kuruhusiwa, na wengi wa kwetu vijijini wana mbwa wa namna hiyo. Hukumu ya najisi inahusu chombo na nguo. Haikutupa ruhusa ya kumvunja mguu kiumbe cha Mwenyezi Mungu. Mtume huyo huyo (S.A.W.) ndiye aliyetusimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na akasamehewa dhambi zake. Maji kidogo yalitoka mkononi mwake, na tazama yalikofika.

Kuna na faida ya kiafya. Mbwa anayepigwa mawe kila siku huwa mkali, na mbwa asiyechanjwa ni hatari kwa mtaa mzima. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Basi enyi watoto, shikeni hili: mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Asisubiri aone kama mbwa atakufa, na asipakwe dawa za kubahatisha. Na mwenye mbwa amchanje kila mwaka. Kufuga mbwa wa ulinzi bila chanjo ni kuyalinda mashamba yako kwa kuhatarisha watoto wa jirani.

Ile mifupa iliyotengwa siku ya Maulidi ilikwenda wapi? Mzee mmoja mlinzi alikuja kuichukua kwa ajili ya mbwa wake. Baadhi ya watoto walishangaa kuona Ustadhi akimkabidhi kwa mkono wake.

NASAHA

Ndugu zangu wasomaji, sikuandika haya ili kumtia mtu hatiani. Nimeandika kwa sababu tunaishi mahali ambapo Mwenyezi Mungu (S.W.) ametupa mvua nyingi, ziwa, migomba isiyokauka mwaka mzima na samaki. Neema kama hizi huondoka polepole. Wazee wa Muleba wanajua jinsi kibanja cha miaka mia kinavyoweza kuisha ndani ya misimu michache kwa sababu ya panga moja chafu. Ziwa nalo halitakauka kesho, lakini watoto wenu watakunywa kile mnachokitupa leo.

Nawaomba wanafunzi mfanye mambo manne mepesi kuanzia wiki hii. Kila mmoja awe na kikapu au mfuko wa kitambaa, na chupa yake ya maji ya kurudia kutumia. Mkila nje, agizeni mnachoweza kumaliza. Mkicheza, ondokeni uwanjani mkiwa mmeuacha safi kuliko mlivyoukuta, na pesa yenu isiguse kubeti. Na mnyama akipita mbele yenu, mpeni maji au mpeni njia. Wazazi nao wasiwaachie walimu peke yao, kwani mtoto hufuata mkono wa baba na mama kabla ya kufuata maneno ya Ustadhi.

Na kwa wavulana wa darasa la juu nina ujumbe mfupi: Maulidi inakaribia, na masinia yanawasubiri.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaohifadhi amana, atubarikie riziki zetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atupe watoto walio kitulizo cha macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mzazi, Bukoba